Mlango wa Uani

Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025. Ndugu yangu alikuwa Mkwiro, upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, amekaa kwenye baraza ya nyumba ya nyanya yetu na simu ya kuazima. Ni mtoto wa khalati yangu, lakini kwetu neno binamu ni la vitabuni. Ni ndugu, basi. Ujumbe ulipoingia hakuutazama. Alinipa mimi nimsomee.

C. Pleni. Haikuwa na alama ya kujumlisha.

Kama ulisomea Kenya huhitaji kuelezwa. C+ ndio mpaka wa chuo kikuu. Mwaka ule watahiniwa 246,391 walifika hapo au juu yake, kati ya zaidi ya 960,000 waliofanya mtihani. Yeye alibaki upande wa pili kwa gredi moja. Kinachouma ni kwamba alikuwa anapanda. Fomu wani aliingia amechelewa muhula mzima kwa sababu ya karo. Fomu tuu alikuwa akirudishwa nyumbani kila mara, na ukirudishwa nyumbani wakati nyumbani ni ng'ambo ya bahari, si jambo la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Fomu thrii ndipo alipotulia, na kufikia fomu foo walimu walikuwa wameanza kumtaja. Lakini mtihani wa mwisho unauliza pia ya kidato cha kwanza na cha pili, yale yaliyofundishwa akiwa hayupo.

Nyanya alisikiliza yote, akanyamaza, kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kuandika-andika katika ukoo. "Haya niambie baba, wewe uliyesoma. Hawa wakubwa wa nchi hii, wote walipita mara ya kwanza?"

Sikuwa na jibu tayari. Nilimwambia nitatafuta. Makala haya ndiyo niliyoyapata.

*

Nilianza na mtu wa karibu. Jina Mazrui si geni Kwale. Ukitoka Ukunda kwenda Msambweni unapita Gasi, mji wa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyewapiga vita Waingereza mwaka wa 1895 na 1896. Miaka kama hamsini baadaye, kijana mwingine wa ukoo huo, huko Mombasa, alikuwa na vita vyake vidogo: mtihani.

Ali Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwandishi. Gazeti lake la Al-Islah, aliloanzisha mwaka wa 1932, liliwahimiza Waislamu wa Pwani wasiogope elimu ya kisasa. Sheikh alifariki mwaka wa 1947. Mwanawe alikuwa na miaka 14.

Mwaka wa 1949 matokeo ya mtihani wa Cambridge wa shule za sekondari yalimtoa Ali katika daraja la tatu. Wakati huo Makerere, kule Kampala, ndicho chuo kikuu pekee cha Afrika Mashariki, kikitoa digrii za London. Kilikuwa kinachukua watu wachache sana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Daraja la tatu halikutosha. Makerere ikamkataa.

Kwa hiyo huyu ambaye leo jina lake linatajwa pamoja na wasomi wakubwa wa Afrika, akiwa na umri wa ndugu yangu alikuwa karani. Alipata kazi ya ofisi katika taasisi mpya Mombasa, Mombasa Institute of Muslim Education, ambayo watu waliiita kwa kifupi MIOME. Na huenda angebaki hapo hapo, si vibaya, mshahara ni mshahara. Ila siku moja mapema miaka ya 1950 alitoa hotuba kwenye sherehe ya Maulidi, na kati ya waliomsikiliza alikuwa gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Baada ya hotuba gavana alizungumza naye. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyofungua njia ya ufadhili wa serikali kwenda kusoma Uingereza.

Angalia alikoanzia huko. Hakwenda moja kwa moja chuo kikuu. Mwaka wa 1955 aliingia chuo cha ufundi cha Huddersfield, kumalizia masomo ya sekondari aliyokuwa amekosa kuyafanya vizuri nyumbani. Yaani alirudi darasani akiwa na miaka 22. Kisha Manchester, alikopata digrii yenye sifa ya juu mwaka wa 1960. Mwaka uliofuata, shahada ya pili Columbia, New York. Mwaka wa 1966, udaktari wa Oxford.

Kabla hata hajamaliza udaktari huo, mwaka wa 1963, alikuwa amepata kazi ya uhadhiri. Wapi? Makerere. Mwaka wa 1965, akiwa na miaka 32, akawa profesa pale pale alipokataliwa kuwa mwanafunzi. Alikuja kuongoza idara ya sayansi ya siasa na kuwa mkuu wa kitivo, mpaka utawala wa Idi Amin ulipofanya maisha ya msomi msema kweli kuwa hatari, akaondoka.

Nilipompigia nyanya kumsimulia haya alifurahi sana. Mimi mwenyewe nilifurahi, kwa siku mbili hivi. Halafu nikaanza kuisoma hadithi upya, nikaona kitu ambacho huwa hatukitaji tunapoisimulia kwenye sherehe za kutoa zawadi shuleni.

*

Kwanza, tuulize MIOME yenyewe ilitoka wapi.

Elimu ya kizungu Kenya ilianza mikononi mwa wamishenari. Maseno ilianza 1906, Mang'u miaka ya 1920, Alliance ikafunguliwa 1926. Shule hizi ndizo zilizokuja kuwa ngazi ya kufikia Makerere, na zote zilikuwa za makanisa. Kwa mzazi Mwislamu wa Vanga, Wasini au Msambweni, shule ya misheni ilimaanisha kitu kimoja: mtoto ataenda na jina la Kiislamu arudi na jina la ubatizo. Wengi wakaona heri chuo cha Kurani.

Serikali nayo ilikuwa na shule zake, lakini iligawa watu kwa rangi kwanza. Mombasa ilifungua shule ya Waarabu mwaka wa 1912. Kulikuwa na shule za Wahindi, za Wazungu, za Waafrika. Mswahili hakuwa na kisanduku chake. Aliyeweza kuthibitisha Uarabu aliingia huku, asiyeweza akaenda kule, na ndugu wa ukoo mmoja wangeweza kujikuta kwenye madaftari tofauti.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1940, kuchelewa hakukuwa kwa mtu mmoja mmoja. Pwani nzima ilikuwa imeanza vibaya. Ndipo mwaka wa 1948 MIOME ikaanzishwa, kwa pesa za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza, ili Waislamu wa Afrika Mashariki walioachwa nyuma wapate elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1951. Taasisi hiyo ni kama mtihani wa kurudia uliotolewa kwa jamii nzima.

Na hapo ndipo alipoajiriwa karani aliyekataliwa na Makerere. Hapo ndipo hotuba ya Maulidi ingeweza kumfikia gavana.

Sasa chukua kijana mwingine wa mwaka ule ule, mwenye ulimi ule ule, lakini wa Mkwiro. Anasoma Maulidi pia. Anaweza kuwa anayasoma vizuri kuliko wote. Wanaomsikiliza ni wavuvi, maalimu wake, mamake akiwa upande wa wanawake. Wanamwombea dua, wanakula pilau, wanaondoka. Hakuna gavana. Ufadhili hauvuki bahari kumtafuta.

Sisemi Mazrui alipendelewa. Nguvu ya kichwa chake haina ubishi, na kurudi kusoma masomo ya sekondari baada ya kuwa mtu mwenye mshahara si rahisi. Ninachosema ni kwamba kipaji chake kilikuwa kimesimama mahali pazuri. Aliyetoka kwenye ukoo wa Kadhi Mkuu, mjini Mombasa, ndani ya ofisi za taasisi ambayo wakubwa walikuwa wakipita, alikuwa na nafasi ya pili kabla hajaiomba.

*

Niliendelea kutafuta ili nione kama yeye ni wa kipekee. Hakuwa.

Tom Mboya, yule ambaye barabara na sanamu ya Nairobi zina jina lake, aliacha shule Mang'u kwa kukosa karo. Akasomea ukaguzi wa afya, akawa mkaguzi katika baraza la jiji la Nairobi, akaingia vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1955 alipata ufadhili wa kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Ruskin ilianzishwa mwaka wa 1899 mahsusi kwa wafanyakazi ambao hawakupata nafasi ya kusoma mapema. Hawakuulizwa cheti cha sekondari. Waliulizwa wamefanya nini na wanataka kufanya nini.

Barack Obama, baba wa rais wa Marekani, aliondoka Maseno bila kumaliza. Akawa karani Nairobi. Huko alikutana na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa katika mradi wa kufundisha watu wazima kusoma. Mooney alimsaidia. Obama akasoma kwa posta, akaandika barua kwa vyuo vingi vya Marekani, na mwaka wa 1959 Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali. Mwaka wa 1962 alikuwa Harvard.

Mwaka huo huo wa 1959 Mboya, ambaye mwenyewe alipita kwa upande, aliwatafutia wengine upande wa kupita. Ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyoipanga na marafiki zake wa Marekani iliondoka Nairobi na watu 81. Kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Wengi wao Makerere haikuwa na nafasi yao. Katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai.

Watatu hao: Mazrui, Mboya, Obama mkubwa. Kila mmoja ana mtihani aliokosa au shule aliyoiacha. Lakini ukitazama tena, kila mmoja ana mtu pia. Gavana. Chama cha wafanyakazi. Mwalimu wa Kimarekani. Na kila mmoja, wakati bahati ilipomjia, alikuwa ameshafika mjini.

Nyumba zetu za Pwani, kama unazijua, zina mlango wa mbele uliochongwa, na zina mlango wa uani. Mlango wa mbele una hodi na taratibu. Wa uani hauna taratibu kabisa, unaingia tu, unasukuma na kutoa salamu. Lakini nani anaingia uani? Jirani, shangazi, mtoto aliyezoeleka. Mgeni hata akiwa na njaa hawezi kupita huko, hajui hata uko wapi. Hivyo ndivyo nafasi ya pili ilivyokuwa katika historia yetu. Ilikuwepo. Ilikuwa wazi. Lakini ni ya waliozoeleka.

*

Kuna waliojaribu kuufanya mlango huo uwe wa kila mtu, kwa sheria badala ya kujuana.

Tanzania, Novemba 1974, chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Kati ya mengine, lilisema mtu asitoke sekondari moja kwa moja hadi chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, na kazini watoe maoni yao juu yake. Wako waliolilaumu azimio hilo, na sharti lenyewe halikudumu. Kulikuwa na hatari ya wazi: bosi au katibu wa chama asiyekupenda anakuwa ndiye mtihani wako. Lakini kulikuwa na wazo ndani yake ambalo sijaliona likizungumzwa sana kwetu, kwamba alichofanya mtu baada ya shule ni ushahidi pia. Mwaka wa 1992 nchi hiyo hiyo ikaanzisha Chuo Kikuu Huria, ambacho unasoma ukiwa huko huko uliko.

Uganda ina kitu kingine. Makerere, ile ile iliyomkataa Mazrui, ina mtihani wa kuingia kwa watu wazima, wa miaka 25 kwenda juu. Huna alama za kutosha za shule? Njoo ukae mtihani huu. Hakuna hotuba mbele ya gavana. Kuna tarehe, ada, na chumba cha mtihani. Huo sasa ni mlango wa mbele mwingine, wenye hodi yake.

Sisi Kenya tulifanya nini? Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza masomo ya kujilipia, yale tuliyoyaita paralelo. Ukiwa na C+ lakini serikali haijakuchagua, au una diploma, unaingia kwa pesa zako. Vyuo vingine vikafuata. Tusiyadharau, maelfu walisoma kwa njia hiyo, makarani na walimu waliokuja darasani jioni na tai zao. Lakini ufunguo ulikuwa pesa. Nafasi ya pili ikawa na bei, na bei hiyo kijijini haipo.

Halafu mtihani wenyewe ukabadilika. Mwaka wa 2015 zaidi ya watahiniwa 165,000 walipata C+ na zaidi. Wizi wa mitihani ulipobanwa mwaka wa 2016 wakawa chini ya 90,000, na waliopata A nchi nzima walikuwa 141, kutoka zaidi ya 2,600 mwaka mmoja kabla. Mwaka wa 2017 waliofika C+ walikuwa 70,000 na kidogo. Kusafisha mtihani ilikuwa haki. Lakini ghafla, mamia ya maelfu ya vijana walikuwa upande wa pili wa mpaka, na swali la nyanya likawa swali la nchi.

Jibu la serikali limekuwa ngazi. Ukiwa na C- unaingia diploma. Ukiwa na D, kozi ya cheti. Chini ya hapo kuna ufundi wa mkono. Ukimaliza hatua moja unapanda ya pili, na sheria ya mwaka wa 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ilikusudia kwamba masomo uliyofanya chini yahesabiwe unapopanda. Mwenye diploma nzuri anaweza kuomba digrii, na mara nyingine kuruka mwaka wa kwanza. HELB inawakopesha hata wa vyuo vya ufundi. Na asiyetaka ngazi anaweza kuurudia mtihani wa KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Kwa karatasi, hii ni bora kuliko chochote alichokuwa nacho Mazrui mwaka wa 1949. Nasema hivyo bila kejeli. Haihitaji gavana.

*

Tatizo la ngazi ni kwamba lazima ufike ilipoegemezwa.

Nilimsaidia ndugu yangu kutuma maombi. Ili kufanya hivyo alipanda boti Mkwiro hadi Shimoni, akasubiri matatu ijae, akafika barabara kuu, akasubiri nyingine, akanikuta Ukunda kwenye saiba. Hakuna mtu shuleni aliyekuwa amemwambia kwamba diploma zinatofautiana, kwamba nyingine inakupeleka kwenye digrii moja kwa moja na nyingine inakuacha njiani kwa sababu chuo kikuu unachokitaka hakiitambui kwa kozi hiyo. Hilo nalijua kwa sababu niliuliza watu ninaowajua mjini. Yaani hata leo, na mfumo wote huo wa kompyuta, alipita kwa sababu ana ndugu mjini. Uani tena.

Na mimi si mfano wa kuigwa. Mimi nilikuwa na gredi. Niliingia kwa mlango wa mbele kabisa, na barua yangu ikasomwa kwa sauti pale barazani. Mwaka wa pili niliacha, karo ikiwa nusu ya sababu, nusu ya pili ni aibu ya kuomba. Nasema haya kwa sababu tunazungumza sana juu ya kuingia. Gredi ilinifungulia mlango lakini haikunilipia muhula. Kama wanaoanza vizuri wanaanguka hivi, anayepanda ngazi ndefu zaidi, miaka mitatu ya diploma kisha digrii, anahitaji kushikiliwa zaidi, si kidogo.

Basari zetu nyingi zinafanya kinyume. Kwale ilipata sifa, na ni haki yake, kwa mpango wa kaunti wa Elimu ni Sasa ulioanzishwa wakati wa gavana Salim Mvurya. Wanafunzi waliofaulu vizuri shule za msingi walilipiwa kwenda shule za kitaifa ambazo wazazi wao wangezisikia redioni tu. Umebadilisha nyumba nyingi. Lakini tazama mantiki ya kumlipia aliyefaulu zaidi: ni zawadi kwa aliyeanza vizuri. Aliyeanza vibaya kisha akapanda hana zawadi inayomfaa. Kupanda kwake hakuonekani popote. Marekani, chuo kikikuchagua, kinatazama ripoti za miaka yote minne, na mstari unaopanda unaweza kukusemea. Kwetu C ya aliyeshuka kutoka A na C ya aliyepanda kutoka E ni C.

Hapa ndipo nilipata wasiwasi ambao sikuutarajia. Kizazi kinachokuja hakitafanya mtihani wa ndugu yangu. Mwisho wa 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 walifanya mtihani wao wa kwanza wa kuvuka kwenda sekondari ya juu, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Nani anaenda shule gani? Mtihani wenyewe unabeba asilimia 60. Kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8 zinabeba 20. Na asilimia 20 nyingine inatoka kwenye mtihani wa Gredi ya 6.

Ni wazo zuri kwa namna yake, mtoto asihukumiwe kwa asubuhi moja. Lakini fikiria mtoto wa Mkwiro ambaye Gredi ya 6 yake iliharibika, labda babake alikuwa mgonjwa, labda mwalimu wa hisabati alihama na nafasi yake ikakaa bure. Ana miaka 12 hivi. Alama hiyo inamfuata. Zamani mtihani mmoja ulikuwa mkatili, lakini ulikuwa na huruma moja: haukujali ulianza vipi. Sasa mwanzo unaandikwa. Kama tunaandika mwanzo, basi ni lazima tuandike na kupanda pia, tukuhesabu kama sifa. La sivyo tutakuwa tumeipeleka ile Fomu tuu ya ndugu yangu mpaka shule ya msingi.

*

MIOME haiko tena kwa jina hilo. Mwaka wa 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Polytechnic, 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 ikapata hati kamili kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilipopata yake. Miaka hamsini baada ya uhuru ndipo Pwani ikawa na vyuo vikuu kamili vya umma vyenye makao yake hapa. Mazrui alifariki Oktoba 2014, ng'ambo, akarudishwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu.

Ndugu yangu sasa anafanya diploma. Sitataja wapi, asije akasumbuliwa. Anavuka feri ya Likoni, amepanga chumba na wenzake wawili, na likizo anarudi Mkwiro kuvua na mjomba ili apate ya muhula unaofuata. Muhula mmoja tayari alichelewa wiki tatu kuripoti. Niliposikia moyo ulinipasuka, kwa sababu ndivyo kidato cha kwanza kilivyoanza pia.

Nilirudi kwa nyanya na jibu kamili. Nikamwambia hapana, wakubwa hawakupita wote mara ya kwanza. Mwingine alikataliwa na chuo akaja kuwa profesa wake. Akatikisa kichwa, akauliza, "Na yule aliyemfungulia, alikuwa nani wake?"

Nikamwambia hakuwa nani wake. Alikuwa gavana, alikuwa amekuja kwenye Maulidi.

"Basi hapa kwetu," akasema, "tungoje gavana aje Maulidi?"

Mimi naona tusingoje. Mwaka huu kaunti zitapanga basari, shule zitapanga nani wa kuwashauri watahiniwa, vyuo vitapanga diploma zipi vinazitambua. Mambo matatu tu, na yote ni ya kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Zibandikwe pia Shimoni, pale boti za Mkwiro zinapofunga.